Godoro la Bwana Samaki

Chini ya ngazi ya nyumba yetu, mtaa wa Langoni, kuna kijichumba kilichokuwa cha makaa zamani. Wiki iliyopita niliingia kutafuta chandarua. Nikatoa kwanza jozi mbili za buti za mpira, miavuli mitatu, pasi isiyo na waya, jiko la mafuta taa, karai, boksi la vitabu vya kilimo vilivyoliwa na mchwa, na godoro la inchi sita lililokunjwa likafungwa kwa kamba ya nanga. Hakuna hata kimoja kilicho chetu. Vyote ni vya watu wa serikali.

Mamangu alianza kupangisha orofa ya juu mwaka 1994, babangu alipofariki, na tangu hapo wapangaji wetu karibu wote wamekuwa maofisa walioletwa Amu, yaani kisiwa cha Lamu, kutoka bara. Hatukuwazoea kwa majina yao. Kulikuwa na Bwana Shamba, Bwana Samaki, Bwana Misitu, Bwana Afya, Mwalimu, Sista. Cheo kilikuwa rahisi, maana mwenye cheo akiondoka jina hubaki pale pale likimngoja mwingine. Mwanangu alipokuwa mdogo aliamini Bwana Samaki ni mtu mmoja anayebadilika sura kila baada ya muda, kama kinyonga.

Mama hatupi vitu vyao. "Wenyewe watarudi," husema. Kwa miaka yote hiyo karudi mmoja tu, na alifuata redio.

Ana kipimo chake pia. Mpangaji mpya akishuka botini, swali lake kwangu huwa lile lile: "Ameya na godoro?" Yaani, amekuja nalo? Aliyekuja na begi la mgongoni, anasema, amekuja kutazama. Ataripoti kazini, atagongewa muhuri kwenye barua yake, na kabla mwezi mwingine haujaandama ataanza kupiga simu Nairobi kutafuta mtu anayemjua mtu. Aliyelipandisha godoro juu ya basi, akalivusha kutoka Mokowe, upande wa bara, akalipakia juu ya punda hadi mlangoni, huyo ana nia ya kulala. Niliwahi kumwambia kipimo hiki hakina elimu ndani yake. Akaniambia niwaulize wenye elimu wao wanatumia kipimo gani.

Sikuwa na jibu, na kazi yangu ingepaswa kunipa. Mimi ni karani wa masjala katika idara moja ya serikali kuu, ofisi inayotazama bahari, mwaka wa 17 huu. Nyumbani nawaona wakifungua mabegi, ofisini nawaona wakifungua majalada. Barua za uhamisho hupitia mkononi mwangu kabla hazijamfikia mwenyewe, kwa hiyo kuna siku huwa nakula naye chakula cha usiku, wali wa nazi na mchuzi wa papa, hali najua anakwenda na yeye hajui. Si jambo zuri. Mara moja Mama alinitazama usoni akajua, akaenda akamwongezea kipande cha samaki.

Tangu niajiriwe, mkuu wa ofisi yetu amebadilika mara tisa. Watano kati yao walikuwa makaimu. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inataka mtu asikaimu chini ya siku 30 wala zaidi ya miezi 6. Sisi tuliwahi kuwa na kaimu aliyekaa miaka miwili na nusu. Alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, na alikuwa hatii sahihi. Ukimpelekea ombi la kununua pazia alikuwa anasema, "Tuliweke, akija mwenyewe ataamua." Mwenyewe alikuja, akakaa miezi saba, akapandishwa cheo akaenda Embu. Lile ombi la pazia limo kwenye jalada hadi leo, na madirisha tumeziba kwa magazeti.

*

Ukikaa barazani ukauliza kwa nini watu wa serikali hawakai Amu, utaambiwa ni hofu. Na hofu ilikuwepo, sitaki mtu aidharau. Juni 2014 ulipovamiwa mji wa Mpeketoni wakauawa watu zaidi ya 60 katika siku chache, mpangaji wetu alikuwa Mwalimu, kijana wa kutoka magharibi mwa nchi. Hakuwa Mpeketoni, alikuwa hapa kisiwani, maji mazima katikati. Lakini mamake alikuwa anampigia simu kila saa akilia. Mwezi uliofuata ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Aliondoka asubuhi moja na boti ya kwanza, akaacha mezani rundo la madaftari ya darasa la sita. Alikuwa amesahihisha hadi daftari la 23, kalamu nyekundu imelala juu ya la 24 bila kifuniko.

Nikayapeleka shuleni mwenyewe. Mwalimu mkuu akayapokea, akayatazama, akaniuliza kama sitaweza kumalizia. Nilidhani anatania.

Huko bara ndani, wadi ya Basuba, ilikuwa mbaya zaidi. Shule za Mangai, Mararani, Basuba, Milimani na Kiangwe zilikaa muda mrefu zimefungwa kwa kuwa walimu wameondoka, na watoto wa Waboni wakapoteza miaka ambayo hakuna bajeti ya kuirudisha. Kwa hiyo ndiyo, hofu.

Ila hofu haielezi mwaka 2009, wala 2019, wala mwaka jana. Mimi ndiye ninayeyashika majalada. Watu walikuwa wakiondoka kabla ya Mpeketoni na wameendelea kuondoka wakati watalii wamerudi, na lami ya Garsen hadi Lamu imefika, na basi halikwami tena kwenye matope ya Witu. Wengi walioondoka hawakuwa waoga. Bwana Samaki wa pili alikuwa anavuka kwenda Kiwayu kwenye upepo wa kusi, bahari imechafuka, na akirudi anacheka.

Wa pili huyo ndiye mwenye godoro.

Alifika mwaka 2010. Godoro lilishuka kwenye mashua likiwa limelowa upande mmoja, punda akalibeba limening'inia kama sikio, na Mama akasimama dakani anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. Mwezi wa kwanza alikuwa anasema "maji imekauka". Baada ya mwaka alikuwa anahesabu siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu bila kutazama kalenda. Alijua ni mzee gani wa kijiji cha Kizingitini wa kumpigia simu kwanza, ili wengine waje, na ni yupi wa kumpigia wa pili asije akaona amedharauliwa. Alijifunza kwamba usiitishe mkutano wa wachokoaji pweza siku za bamvua, kwa sababu hizo ndizo siku bahari inajivua nguo mpaka kwenye miamba, na mtu mwenye akili yuko mwambani na mkuki wake, hayuko mkutanoni anasikiliza hotuba. Haya hakufundishwa na idara. Alifundishwa na watu, kikombe kwa kikombe, kwa miaka.

Mke wake alikuwa muuguzi, kaunti nyingine, mbali. Mpango wao tangu mwanzo ulikuwa ahamie Amu. Kabla ya 2013 ungewezekana kwa barua moja: muuguzi wa Kisii na muuguzi wa Faza walikuwa na mwajiri mmoja, serikali kuu, na mtu akiwa na sababu ya ndoa alisikilizwa. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 zikaja kaunti 47, afya ikawa kazi ya kaunti, uvuvi nao na kilimo. Mimi siulaumu ugatuzi, umetuletea mambo ambayo Nairobi haikutuletea kwa miaka 50. Lakini siku ile uhamisho wa muuguzi kutoka kaunti moja kwenda nyingine uligeuka kuwa mapatano ya bodi mbili za utumishi, moja ya kila kaunti. Hii ikubali kumtoa, ile ikubali kumpokea, na awepo wa kumlipa. Bwana Samaki aliandika barua, mke wake akaandika barua. Kaunti yake ilisema hawawezi kumtoa bila wa kumbadilisha. Muuguzi wa huku wa kubadilishana naye alipatikana, bodi ikawa haijaundwa upya. Bodi ilipoundwa, yule muuguzi akawa ameolewa Mambrui.

Na yeye mwenyewe muda wote huo alikuwa daraja lile lile aliloajiriwa nalo. Kila mwaka alikuwa anaambiwa suala la watumishi waliorithiwa kutoka serikali kuu linashughulikiwa. Siku moja, mwaka 2016, aliniomba nimsaidie kupiga taipu hati yake ya makabidhiano. Alikuwa hahami, alikuwa anajiuzulu. Nadhani hili watu hawalioni: zamani mtu aliyechoka na kituo alihama, akabaki ndani ya serikali, ujuzi wake ukahamia wilaya nyingine. Sasa milango ya kuhamia imekuwa myembamba, basi anayetaka kwenda anatoka kabisa.

Hati ilikuwa kurasa mbili. Boti moja. Injini moja, inavuja mafuta. Jaketi za kuokolea nne, moja imechanika. Mizani miwili. Funguo za stoo, seti mbili. Majalada ya leseni, kuanzia namba fulani hadi namba fulani. Nikamuuliza, na Kizingitini je? Na wale wazee? Akaitazama fomu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna nafasi. Haikuwepo. Akatia sahihi.

Aliondoka na begi. "Mama, godoro nitalifuata," alisema. Sasa anauza vifaranga vya tilapia huko kwao, na kila Idi anampigia Mama simu.

Bwana Samaki wa tatu alikuja na begi. Kijana msafi, mwepesi kwenye kompyuta, hati ya makabidhiano ameisoma yote kwa sababu ilikuwa kurasa mbili. Mwezi wake wa pili akaitisha mkutano Kizingitini, saa tano asubuhi, kuhusu pweza. Waliondoka gatini saa nne kasorobo na katoni tano za soda. Mlango wa Mkanda, ule mfereji kati ya Manda na bara, maji ya bamvua huwa yamepwa kabisa wakati huo. Nahodha alimwambia. Yeye akasema mkutano umeshatangazwa. Wakakwama mchangani katikati ya mikoko, jua la utosi, hadi maji yalipoanza kuwainua saa nane mchana. Soda walizinywa wenyewe. Kizingitini kwenyewe walikuwa wamekuja watu sita, na waliobaki walikuwa mwambani.

Mji ulicheka juma zima. Mimi nilicheka pia, halafu usiku nikamsikia juu, anatembea huku na huku. Alikaa miezi kumi na moja.

*

Watu wengine wanasema ni mshahara. Sikubaliani nao sana. Ofisa wa daraja fulani hulipwa mshahara ule ule Amu na Nakuru, na huku huongezewa marupurupu ya mazingira magumu. Kama pesa peke yake ingemshika mtu, Amu ingejaa maofisa. Kinachouma ni nyumba. Marupurupu ya nyumba hupangwa kwa kituo, na ya huku ni madogo kuliko ya Nairobi, wakati nyumba nzuri za mji mkongwe zimenunuliwa zikageuzwa nyumba za wageni wanaolipa kwa usiku. Mama hupokea kodi ya chini kuliko jirani zake wote na huona fahari, mimi nikiona tu mbao za dari zinazohitaji kubadilishwa. Ofisi nyingi za kaunti nazo zimehamia Mokowe, kwa hiyo anayelala kisiwani anavuka kila siku asubuhi na jioni kwa nauli yake, na kusi ikivuma anafika kazini amelowa hadi soksi. Mwaka mmoja orofa yetu ilikaa tupu kabisa. Mama alikuwa akipanda kufagia vumbi la hakuna mtu.

Halafu kuna hii mikataba. Wahudumu wa afya walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa Afya kwa Wote waliajiriwa kwa miaka 3. Idara nyingine nazo zimeipenda njia hiyo. Kuna mzaha wa ofisini kwetu, kwamba mwaka wa kwanza mtu wa mkataba anajifunza kazi, wa pili anaifanya, wa tatu anatafuta nyingine. Sista aliyekuwa kwetu alikuwa wa mkataba. Aliwajua wajawazito wote wa mtaa kwa tarehe zao. Mwaka wa tatu alikuwa anarudi jioni anakaa ngazini na simu, anatuma maombi, anatuma maombi, na mimi ningemlaumu vipi?

Hata pensheni imebadilika, na hili wazee wa ofisini hawajalizoea. Ile ya zamani ilikuwa nanga. Hukuchangia kitu, ila ulijua ukivumilia hadi mwisho kuna kitu cha kushika, na ukitoka kabla ya miaka kumi unatoka mikono mitupu, basi watu walivumilia hata palipokuwa hapavumiliki. Kuanzia Januari 2021 watumishi wa serikali kuu, walimu na polisi wameingia kwenye mfuko wa kuchangia: mwaka wa kwanza ulikatwa asilimia 2, wa pili 5, kisha 7.5, na serikali inaweka 15. Kijana wa ofisini kwetu alinionyesha salio lake kwenye simu. "Dada, hii ni yangu hata nikienda," akasema, kwa furaha ya mtu aliyepewa ufunguo. Nikamwambia hongera. Aliondoka mwaka uliofuata.

*

Mwaka 2018 barua ilipokuja yenye jina langu, niliisoma mara tatu nikidhani nimechanganya majalada. Malindi. Si mbali, mtu wa Amu akisikia Malindi haoni kama ni ugenini, na mtaa niliopanga unaitwa Shela, jina lile lile la Shela yetu. Nilikwenda na godoro, bila shaka. Mama alisimamia.

Siku ya kwanza niliripoti saa mbili kasorobo. Hakuna aliyejua nakuja. Nakala ya barua yangu ilikuwa imepelekwa ofisi nyingine. Nikaambiwa ningoje, nikaketi kwenye benchi la wananchi, nikangoja. Watu wakaja wakaniuliza kama foleni ya vyeti inaanzia kwangu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaja na kitabu. Meza haikuwepo, kompyuta haikuwepo, na mkuu wa kitengo alikuwa kaimu ambaye hakutaka kuamua ni nani anipe kiti. Nakumbuka nikitazama mikono yangu nikiwaza: hivi ndivyo walivyokuwa wanajisikia wote wale, na mimi niko dirishani kwangu nawaambia "subiri kidogo".

Siku ya nne tarishi, mzee wa makamo ya babangu, akaja akasimama mbele yangu. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Amu?" Akanipeleka nyuma ya jengo, kwa mama mmoja wa mahamri, akamwambia huyu ni wetu. Akanionyesha choo kipi kina maji. Akaniambia nani ana ufunguo wa stoo ya viti na saa ngapi hulegea. Mchana nilikuwa na kiti, meza nikaipata wiki iliyofuata. Nilikaa miezi 14 pale, na sidhani kama ningemaliza miwili bila yule mzee. Hayumo kwenye mpango wowote wa kuwahifadhi watumishi. Daraja lake lilikuwa la chini kuliko yote kwenye jengo lile.

Posho yangu ya uhamisho ilinifikia nikiwa nimesharudi Amu.

Niliporudi nilianza daftari. La kijani, la mistari, la duka la kawaida. Humo ninaandika yale yasiyoingia kwenye hati ya makabidhiano: nyakati za maji, nani wa kupigiwa kwanza kijiji gani, kwamba wiki ya Maulidi, Mfungo Sita, usipange ukaguzi maana hutapata hata dereva wa boti, kwamba fundi wa jenereta huja haraka ukimsalimia mamake. Mgeni akifika nampa asome kabla hajapewa majalada. Kaimu mmoja aliliona akaniuliza kama ni waraka wa serikali. Nikamwambia si waraka. Akataka tulipe namba ya usajili. Nililirudisha kwenye mkoba wangu, na kwa miezi yake yote lilikaa nyumbani.

*

Barazani wana dawa moja ya haya yote: ajirini wenyeji, wenyeji hawahami. Sheria yenyewe ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa wasiotoka kabila kubwa la kaunti, na mimi naiona hiyo ni haki, maana serikali si mali ya mtaa. Lakini hata kiasi kinachobaki, wenyeji gani hao wasiohama? Wanafunzi wenzangu wa sekondari wawili wako Ghuba, mmoja Mombasa, mwingine alihamia bandarini Kililana gati la kwanza lilipofunguliwa mwaka 2021. Mtu wa Amu anahama tangu enzi za majahazi.

Na sisi tuliobaki tusihesabiwe kama ushindi wa mtu. Nimebaki kwa sababu Mama ana miaka 78 na ngazi yetu ni kali. Cheo changu hakijapanda tangu 2015. Kozi ya usimamizi wa kumbukumbu, ile ya wiki sita, imekuja ofisini mara tatu, na mara zote tatu alipelekwa ofisa mpya, kwa maelezo kwamba mimi kazi naijua tayari. Wakarudi na vyeti, vyeti vikawapandisha daraja, madaraja yakawapandisha boti. Wa mwisho alinishukuru kwa machozi gatini, kwa sababu mimi ndiye niliyemsaidia kuandika ripoti yake ya kozi.

Nilimwambia Mama haya yote usiku mmoja, kwa hasira, nikidhani atanipoza. Alikuwa anachambua mchele. Akaniambia, bila kuinua kichwa, kwamba mimi ni kama vile vitu vya chini ya ngazi. Halafu akaona maneno yamenichoma, akacheka, akasema angalau mimi najua nilipowekwa.

Jana, Jumanne, alifika mpya. Nilitumwa gatini kumpokea, jambo ambalo ofisi imeanza kulifanya baada ya mimi kulipigia kelele miaka mitano. Maji yalikuwa yamepwa, ngazi za gati zina mwani wa kijani, na yeye amevaa viatu vya ngozi vilivyong'aa. Akashuka kwa kuteleza, akasimama, akanisalimia kwa Kiswahili cha shule, kizuri. Nilikuwa nimekuja na punda na mwenye punda, endapo. Simu ikalia kabla hata hatujaanza kutembea.

"Ameya na godoro?"

Nikatazama. Begi moja la mgongoni. Nyuma yake mabaharia wawili walikuwa wanakiteremsha kitu kwa kamba, polepole, wakibishana.

"Hapana, Mama. Amekuja na baskeli."

Kimya. Nikasikia sinia ya mchele ikiwekwa chini.

"Baskeli? Amu hii?" Akacheka mpaka akakohoa, na huku nyuma yule kijana anauliza mwenye punda kama kuna njia ya kufika Langoni isiyo na vidaraja. "Haya, mwambie aipandishe juu. Akishindwa na ngazi, nafasi iko kule chini, sogeza lile godoro."